Kilomita 21 bila mazoezi: Kwa nini ni vigumu kuwaambia marafiki "mimi sikimbii"?

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mji wa Moshi hujaa wageni. Mabasi hushusha vikundi vya marafiki waliovaa fulana za rangi moja, vyumba vya wageni huwa adimu, na Jumapili alfajiri maelfu ya watu hukusanyika kwa ajili ya mbio za Kilimanjaro, zilizoanza mwaka 2003. Wachache wamekuja kushindana. Wengi wamekuja kwa sababu marafiki zao wamekuja.

Miongoni mwa hao wengi, hawakosekani waliojiandikisha kilomita 21 miezi kadhaa iliyopita wakiwa na nia njema, kisha kazi, mvua na uvivu vikaingia kati. Sasa nauli imelipwa, chumba kimelipwa, namba ya kukimbilia iko mkononi. Miguu ndiyo haiko tayari.

Mbio zimegeuka safari

Kukimbia kwa vikundi kumekuwa sehemu ya maisha ya miji ya Afrika Mashariki. Dar es Salaam ina klabu za jogging katika mitaa mingi. Lewa nchini Kenya huandaa mbio tangu mwaka 2000 kuchangia uhifadhi wa wanyamapori. Dodoma kuna mbio zinazochangisha fedha za matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi. Katika nchi ambazo shinikizo la damu na kisukari vinaongezeka, hili ni jambo la kushukuru.

Lakini safari ya pamoja ina masharti yake. Kilomita 5 huonekana ni za watoto, kilomita 42 zinatisha, kwa hiyo kikundi hukubaliana kilomita 21. Yule ambaye hakufanya mazoezi hubeba uamuzi uliofanywa kwenye kundi la WhatsApp siku ambayo kila mtu alikuwa na hamasa.

Mwili haujui kama umelipia

Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Anayeanza kabisa kwa kawaida huhitaji wiki 10 hadi 12 za kuongeza umbali kidogo kidogo. Moyo na mapafu huzoea mapema, ndani ya wiki chache. Kano, viungo na mifupa huchukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kujisikia ana pumzi ya kutosha huku goti likiwa linaelekea kuumia.

Njia ya Moshi ina mtego wake. Kilomita 21 hupanda kuelekea Mweka, kisha hugeuka na kushuka. Wengi huogopa mlima, ilhali mteremko ndio unaoharibu zaidi misuli ya mapaja isiyozoea, kwa sababu hulazimika kuzuia uzito wa mwili kila hatua. Maumivu hufikia kilele siku moja hadi tatu baadaye, mtu akiwa ameketi kwenye basi la kurudi Dar es Salaam. Mkojo ukiwa wa rangi nyeusi kama chai ya rangi, hapo si uchovu tena. Ni suala la hospitali.

Kuna pia jua. Aliyejiandaa humaliza mapema. Asiyejiandaa hubaki barabarani saa tatu au zaidi, joto likipanda. Mkimbiaji anayeyumba, anayeongea maneno yasiyoeleweka au asiyejua alipo huenda amepata kiharusi cha joto. Anapaswa kupoozwa kwa maji baridi palepale wakati msaada ukiitwa.

Na wanaokaa muda mrefu njiani ndio hunywa maji kupita kiasi. Katika mbio za Boston mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza. Asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, hali inayoweza kuua. Waliokuwa hatarini zaidi ni walioongezeka uzito njiani kwa kunywa sana na waliotumia zaidi ya saa nne kumaliza kilomita 42. Ushauri ni kunywa kwa kufuata kiu. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki kabla ya mbio navyo huzidishia figo mzigo.

Hofu iwe kiasi gani?

Vifo ni nadra. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliangalia wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kati ya mwaka 2000 na 2010. Waliosimama moyo walikuwa 59, na 42 kati yao walifariki. Kwa nusu marathoni ilikuwa chini ya mtu mmoja kati ya kila 100,000. Hata hivyo, takwimu za Marekani zinatokana na mbio zenye madaktari na magari ya wagonjwa karibu, jambo ambalo si kila mbio mpya katika ukanda wetu inaweza kulihakikisha.

Kivuli cha Akhwari

Watanzania wana sababu ya kuheshimu anayemaliza. Mwaka 1968 mjini Mexico, John Stephen Akhwari aliumia katikati ya marathoni ya Olimpiki, akaingia uwanjani wa mwisho, mguu umefungwa bandeji. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile kuanza mbio tu, bali kumaliza.

Jibu hilo hutumiwa hadi leo kuwatia watu moyo. Lakini Akhwari alikuwa mwanariadha aliyejiandaa, akiiwakilisha nchi. Anayekimbia ili asikosekane kwenye picha ya kikundi hajatumwa na yeyote.

Nani abadilike?

Kikundi kinachomponza mtu ndicho pia kinachoweza kumwokoa. Wiki mbili kabla ya safari, kila mmoja aulizwe bila mzaha: umbali mrefu zaidi uliokimbia mwezi huu ni upi? Aliye chini ya kilomita 10 ana njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kushuka hadi kilomita 5 na kuwasubiri wenzake. Ya pili ni kukimbia na kutembea kwa zamu tangu kilomita ya kwanza, mbinu iliyoenezwa na Jeff Galloway, Mmarekani aliyeshiriki Olimpiki ya 1972. Kungoja mpaka uchoke ndipo utembee ni kuchelewa. Na mmoja wa kikundi akubali kwenda kwa mwendo wake.

Waandaaji nao wana sehemu yao. Wangeruhusu mshiriki kushuka umbali hadi siku ya kuchukua namba, bila gharama, wengi wangeshuka. Pale ambapo hilo haliruhusiwi, mtu hukimbia kwa ukaidi au humpa mwenzake namba yake, na akianguka njiani wahudumu wa afya wanabaki na jina lisilo lake.

Mbio za Moshi hurudi kila mwaka. Aliyekimbia kilomita 5 safari hii bila kuumia anaweza kuanza mazoezi ya zile 21 Jumatatu inayofuata. Aliyevunja goti atasubiri miezi.