Sumu Humkunja Kiumbe Angali Mbichi

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Tumezoea kuifasiri methali hii kwa malezi ya watoto. Leo naomba tuirejeshe majini ilikotoka, kwani sumu ya metali nayo humkunja kiumbe angali mbichi.

Tutazame mwani wa baharini. Aina nyingi huzaa kwa vijimbegu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huelea uchi, bila ganda, hadi vipate pa kushika. Wenye meli wameijua siri hiyo: hupaka rangi yenye shaba chini ya meli ili vijimbegu visishike wala visiote. Kiasi cha shaba ambacho mwani mpevu hukistahimili chaweza kukiangamiza kizazi chake.

Huenda msomaji wa Rangwe akauliza: bahari i mbali, hayo yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu Ziwa Victoria li karibu, na omena na ngege wauzwao sokoni hutoka humo. Katika kaunti jirani ya Migori, huko Macalder na kwingineko, wachimbaji wadogo wa dhahabu husaga mawe, wakachanganya unga wake na zebaki ili inase dhahabu, kisha wakachoma mchanganyiko huo. Zebaki nyingine hupanda hewani; nyingine hubaki katika taka za machimbo, ambazo mvua huzisomba hadi mitoni. Mto Migori huungana na mto Kuja, nao Kuja humwaga maji yake ziwani. Matopeni, bakteria huigeuza zebaki kuwa sumu kali zaidi, na kila mkubwa amlapo mdogo, sumu hiyo huzidi.

Mwisho wa safari hiyo ni tumbo la mama. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, wako kina mama waliokula samaki wakabaki na dalili chache tu, ilhali watoto wao walizaliwa na madhara makubwa ya ubongo.

Kwa hiyo, rai yangu ni hii: usalama wa maji usipimwe kwa afya ya mtu mzima wala kwa unono wa samaki aliyevuliwa. Upimwe kwa kile kilicho kichanga zaidi: kijimbegu, yai, mimba. Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013. Lakini sahihi haimfikii mwanamke anayeosha mchanga wa dhahabu akiwa na mtoto mgongoni, iwapo onyo limeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu.

Hapo ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia. Neno zebaki tunalo tangu zamani. Tukirudi likizoni Rangwe, Nyatike na kwingineko, tulieleze kwa Kiswahili chepesi, na kwa Kijaluo panapohitajika. Lugha isiyoweza kumwonya mama mjamzito, tunaitukuzia nini madarasani?