Wapelelezi wa Kuazima

Huko Marekani palikuwa na stesheni ya televisheni ya uhalifu mtupu, kutwa kucha. Ilizaliwa Januari 2006 ikiitwa Sleuth, yaani mpelelezi. 2011 ikabatizwa Cloo. Februari 2017 ikazimwa kama kibatari. Iliishi kwa makombo: michezo ya polisi na majambazi iliyokwisha kuonyeshwa kwingine. Watu walipoanza kujichagulia cha kutazama na saa ya kukitazama, nani angengoja kiporo?

Sasa waandishi chipukizi wa huku kwetu, Shinyanga na Geita, wanataka kuifufua kwenye karatasi. Nimesoma miswada yao, nimechoka. Mpelelezi kavaa koti refu (Geita, bwana, kwenye jua lile!), bastola haitoi mlio, jambazi anakimbilia uwanja wa ndege. Ukiuliza haya umeyatoa wapi, jibu ni moja: banda la video, machimboni. Sawa. Nami nimekalia mabenchi yale, sijitoi. Lakini tulipotoka bandani usiku, nje kulikuwa na nini?

Hebu niwaulize. Nani kati yenu ameandika japo ukurasa mmoja juu ya Septemba 2009, Mahakama Kuu ilipoketi Kahama na kuwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua kijana wa Bukombe, miaka 14, mwenye ualbino? Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mauaji hayo nchini. Mwaka mmoja kabla, 2008, Vicky Ntetema wa BBC alizunguka Kanda ya Ziwa akijifanya mfanyabiashara anayesaka utajiri, na waganga wakamtajia bei ya viungo vya binadamu. Alipoitangaza habari ile alitishiwa maisha, ikabidi ajifiche. Hakuwa na koti wala bastola.

Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda akafuta leseni za waganga. Februari 2015, wilayani Chato, mtoto wa mwaka mmoja akanyakuliwa, mama yake akakatwa mapanga. Mwili ulipopatikana ulikuwa umenyofolewa viungo. Wakati huo Cloo bado ilikuwa hewani na visa vyake vya kurudiarudia.

Eti mnasema huku hakuna fumbo! Mwenye panga tumemwona kizimbani. Mnunuzi je? Nani alikuwa na fedha za kulipa bei ile? Wachimbaji tunaambiwa walitaka bahati ya dhahabu, haya, ni wale wanaokopa unga wa ugali? Hadithi ya upelelezi huanzia hapo, kwenye hesabu isiyokubali, nanyi mmepanda ndege kwenda kumtafuta jambazi Miami.

Mtaniambia mnaogopa. Naelewa, hata mimi naogopa. Badilisheni majina, badilisheni kijiji, andikeni polepole. Ila koti lile, tafadhali, livueni.