Kuugua na kubaki nyumbani: sheria iko, lakini inamufikia nani?

Mutu wa kazi akiamka na homa, mara nyingi swali la kwanza si dawa. Ni hili: leo nikibaki nyumbani, jioni watoto watakula nini?

Kwenye karatasi, jibu liko wazi. Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema ugonjwa hauvunji mkataba, unausimamisha tu. Mwenye karatasi ya munganga ana haki ya theluthi mbili za mshahara, na matunzo yake na ya jamaa yake yako juu ya muajiri. Kabla ya miezi sita mfululizo kuisha, muajiri hawezi kumufukuza kwa sababu ya ule ugonjwa.

Wengi wanakimbilia CNSS, na hapo wanapoteza muda. Ile kasa inahusika na ajali za kazi na magonjwa yanayoletwa na kazi. Malaria ya kawaida haimo. Mlango wa kwanza ni wa patron. Akikataa, ni wa inspekta wa kazi.

Kuna jambo lingine ambalo sentinele na dada wa kazi za nyumbani hawaambiwi: kukosa mkataba wa kuandikwa si kukosa mkataba. Sheria inamuruhusu mfanyakazi kuonyesha kwa njia yoyote kama alikuwa anafanya kazi pale. Mashahidi, ujumbe wa simu, malipo ya mwezi uliopita, vyote vinafaa. Shida ni woga. Nje ya lupango kuko wengine kumi wanaotafuta ile nafasi, na patron anajua.

Na ule asiye na patron? Motari, mama wa soko, muchimbaji? Huko Kamituga, Kivu ya Kusini, ambako aina mpya ya mpox ilijulikana tangu mwaka 2023, wagonjwa waliambiwa wajitenge mpaka vidonda vikauke kabisa. Hiyo inaweza kufika wiki mbili, hata ine. Mutu anayekula franga za leo leo atazitoa wapi? Njo maana wengine walificha vidonda chini ya shati, wakarudi kazini. Kuwaita wajinga ni rahisi, lakini hesabu yao ilikuwa ya sufuria.

Kwa hao, likizo ya ugonjwa inabaki ile ya likelemba: wenzake wakikubali kumupa zamu yake mbele, analala, wakikataa, anaamka.