Cheti cha Nyota na Amana ya Ufunguo Wake

Mnamo Novemba 1857, Richard Burton na John Speke walipowasili Kazeh, penye Tabora ya leo, walikuwa na barua za Sayyid Majid wa Unguja, na mfanyabiashara Snay bin Amir aliwapokea kwa taadhima na ukarimu mkubwa. Barua yenye muhuri ilimfungulia msafiri nyumba nyingi katika njia ile ya Bagamoyo hadi Ujiji. Walakini ilikuwa karatasi, na ikiibwa mwenyewe hakosi kuona mkoba mtupu.

Ufunguo wa siri wa cheti cha usalama cha tovuti hauna tabia hiyo. Ukinakiliwa, asili yake husalia mahali pake, na mwenye seva haoni pengo lolote. Kwa cheti cha nyota, ambacho mafundi hukiita waildikadi, khatari huzidi, kwani ufunguo huo mmoja ndio unaothibitisha tovuti ya ofisi, barua pepe yake na mfumo wake wa malipo, madhali zote ziko chini ya jina moja la mtandao.

Kukitumia cheti kilichokwisha kununuliwa katika seva mpya si kosa. Fundi huhitaji cheti chenyewe, ufunguo wake wa siri, na vyeti vya kati vinavyokiunganisha na mamlaka iliyokitoa. Aghalabu hivi vya mwisho ndivyo vinavyosahauliwa. Basi kompyuta ya ofisini, iliyokwisha kuvihifadhi zamani, hufungua tovuti bila neno, ilhali mkulima wa tumbaku wa Urambo, akiifungua kwa simu yake, huambiwa kuwa si salama, naye ama hukimbia, ama, na hili ndilo baya zaidi, huzoea kupuuza maonyo.

Ninalolilaumu ni kuusafirisha ufunguo kwa WhatsApp, au kwa flashi inayopita mikononi mwa watu, au kwa barua pepe isiyo na nywila. Madhara ya cheti cha nyota kuwa mikononi mwa wahalifu tumekwisha kuyaona, ingawa kwa njia nyingine: mwaka 2011 wahalifu waliingia katika kampuni ya kutoa vyeti ya DigiNotar ya Uholanzi, wakajipatia cheti bandia cha nyota cha Google, nacho kikatumika kuwapeleleza watu wa Iran. Kampuni ikafilisika mwaka ule ule.

Wala udhuru wa gharama haupo tena, kwa kuwa tangu 2018 Let's Encrypt hutoa hata vyeti vya nyota bila malipo, na kila seva yaweza kuwa na cheti chake na ufunguo wake, usiotoka humo kamwe. Fauka ya hayo, kuanzia Machi 2029 cheti hakitaruhusiwa kuishi zaidi ya siku 47, na hapo kubeba ufunguo kwa mkono kutakuwa taabu kubwa.

Nawasihi wakuu wa TEHAMA katika halmashauri zetu za magharibi waulize leo: ufunguo wetu una nakala ngapi, ziko wapi, na nani anazo? Asiyepata jawabu na akibatilishe cheti hicho, atoe kipya.