GITAA LA KWENYE BOKSI: MWENYE VYOMBO NDIYE MWENYE BENDI



Leo naomba tuweke kando siasa, bei ya pamba na habari za machimboni. Nataka tuzungumzie gitaa la umeme, tena lile ambalo halijawa gitaa bado, liko vipande vipande ndani ya boksi. Najua kuna watakaosema huyu mwandishi kaishiwa habari. Subirini kidogo. Ndani ya hilo boksi kuna swali la zamani sana: nani anamiliki vifaa vya kazi?

Hapa Ngokolo na mitaa ya jirani kuna vijana wanapiga gitaa la solo mpaka unasimama njiani kusikiliza. Ukimuuliza gitaa lake liko wapi, jibu ni lile lile: gitaa ni la kwaya. Linafungiwa kabatini, linatoka siku ya mazoezi na Jumapili. Simlaumu mtu. Bila kwaya wengi wasingegusa uzi hata mmoja. Lakini mtu anayeshika gitaa saa nne kwa wiki hawezi kushindana na anayelala nalo chumbani. Na siku akigombana na mwenyekiti wa kwaya, muziki wake ndio umekwisha.

Hali hii haikuanza leo. Angalia historia ya muziki wa dansi nchini kwetu. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, baadaye ikachukuliwa na DDC. Polisi na JKT nao walikuwa na bendi zao. Kwa nini? Kwa sababu vyombo vilitoka nje, vilihitaji fedha za kigeni, na watu binafsi wengi wasingeweza kuvinunua. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa mwenye vyombo. Marehemu Muhidini Gurumo alitoka Msondo akaenda Mlimani Park, kisha mwaka 1985 akaenda Safari Sound. Kila mara waliohama walibeba sauti na vipaji vyao, lakini magitaa na maspika yalibaki kwa mwenye mali. Mfumo ule ulitupa muziki mtamu ambao hadi leo hatujaupata tena, hilo nakubali. Ila ulituachia pia tabia ya kudhani kwamba chombo cha muziki lazima kiwe cha mtu mwingine.

Sasa turudi kwenye boksi.

Wenzetu ng'ambo wanauza seti ya gitaa la kuunga mwenyewe. Ndani unakuta kiwiliwili cha mbao kilichokwisha kukatwa, shingo yenye vyuma vyake, vikazio vya nyuzi, daraja, sumaku za kunasa sauti, swichi, vitufe vya sauti na toni, nyaya na misumari ya skrubu. Kazi yako ni kupiga msasa, kupaka rangi, kuunga, kuchomelea waya kwa risasi, kufunga nyuzi na kulirekebisha mpaka liimbe. Seti za chini kabisa zinaanzia kama dola 100, bila kuhesabu usafiri na ushuru.

Kwa mtu wa Shinyanga hili si jambo geni hata kidogo. Huu ni mji wa baiskeli. Nani hapa hajui kwamba baiskeli mpya inakuja ndani ya katoni, rimu huku, spoku kule, na fundi anakaa chini ya mti anaiunga? Bodaboda nazo ni hivyo hivyo, zinatoka China zimekunjwa kwenye katoni na zinaungwa hapa hapa. Mkoa mzima unatembea juu ya vitu vilivyoungwa na mafundi wetu. Gitaa lina vipande vichache kuliko baiskeli, na halibebi abiria.

Tena gitaa la umeme ni rahisi kutengeneza kuliko lile la kawaida lenye tumbo wazi. Lile la kawaida linategemea mbao nyembamba kama karatasi ngumu, zilizokunjwa na kugundishwa kwa utaalamu wa miaka mingi. La umeme ni gogo tu. Sauti inatoka kwenye pikapu (usifikirie gari la mizigo): sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, unazaa umeme kidogo ndani ya waya, umeme unakwenda kwenye amplifaya, basi.

Aliyelileta sokoni gitaa la aina hii kwa wingi, Leo Fender wa California, alikuwa fundi redio na hakujua kupiga gitaa. Gitaa lake lililotoka mwaka 1950, ambalo leo tunaliita Telecaster, lilikuwa kipande cha mbao na shingo iliyokazwa kwa skrubu nne. Shingo ikiharibika unafungua, unaweka nyingine. Ni akili ya gereji kabisa, na ndiyo iliyobadilisha muziki wa dunia.

Au chukua mfano unaotugusa zaidi. Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946, tunajivunia sana. Lakini gitaa lililokuwa likilia pembeni yake miaka yote ya Queen halikununuliwa dukani. Brian May alianza kulitengeneza mwaka 1963 akiwa na miaka 16, yeye na baba yake, kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kununua gitaa la maana. Shingo ilitoka kwenye mbao ya meko ya zamani. Springi zilitoka kwenye pikipiki. Vile vidoti vya shingoni ni vifungo vya mama yake. Iliwachukua kama miaka miwili, na gitaa lile lile alilipiga juu ya paa la kasri la Buckingham mwaka 2002.

Hata karibu na kwetu mifano ipo. Franco Luambo alianza utotoni kwa gitaa la kopo na nyaya za umeme. Na Konono N°1 wa Kinshasa walitengeneza vinasa vya sauti kwa sumaku za vipuri vya magari chakavu, wakaviunganisha na likembe, na dunia nzima ikawasikiliza kuanzia mwaka 2004.

Sasa hoja ya upande wa pili, maana najua mtaileta. Mtasema: gitaa la Kichina lililokamilika linauzwa bei ile ile au chini ya hiyo, kwa nini nijisumbue? Ni kweli kabisa. Kama unataka gitaa tu kwa ajili ya kwaya Jumapili ijayo, nunua lililokamilika na usinisikilize. Anayekwambia seti itakuokolea pesa anakudanganya. Seti ni ada ya shule. Unalipia kujua kila kitu kilichomo ndani, ili likiharibika usilipeleke Mwanza, na ili gitaa la pili lisitoke kwenye boksi.

Kwa anayetaka kuanza, haya ndiyo ninayoshauri.

Kwanza, chagua seti ya aina ya Telecaster: shingo ya skrubu, daraja lisilocheza, pikapu mbili, kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha toni. Achana na zile zenye mkono wa kutikisa nyuzi. Zinapendeza machoni, lakini kwa anayeanza ni ugomvi mtupu wa kutune.

Pili, kabla hujagusa rangi, unga kila kitu kikavu. Pima kutoka mwanzo wa nyuzi hadi chuma cha 12, kisha kutoka hapo hadi kwenye daraja. Vipimo hivyo viwili vinatakiwa vikaribiane sana, kwa sababu chuma cha 12 ndicho katikati ya uzi. Kwa urefu wa Fender, milimita 648, katikati ni 324. Hapo hakuna uchawi, ni hesabu: chukua urefu wa uzi, gawanya kwa 17.817, unapata mahali pa chuma cha kwanza, milimita 36.4. Kilichobaki gawanya tena kwa 17.817, unapata umbali wa kufikia cha pili, 34.3. Endelea hivyo hivyo. Waliosoma hesabu za sekondari wakijiuliza zitawasaidia nini, jibu moja ni hili.

Tatu, msasa. Anza na wa 120, nenda 240, malizia 400, siku zote kufuata nyuzinyuzi za mbao. Vanishi ipake nyembamba, mara nyingi, na iache ikauke. Kiangazi cha kwetu kina vumbi, kwa hiyo fanya kazi hiyo ndani, na umwagie sakafu maji kwanza.

Nne, angalia vyuma vya shingoni. Mbao iliyotoka kiwandani kwenye nchi yenye unyevu ikifika kwenye ukavu wa Shinyanga husinyaa kidogo, lakini chuma hakisinyai. Matokeo yake ncha za vyuma zinatokeza pembeni na kukukwaruza vidole. Usikimbilie kusema umeuziwa takataka. Iache shingo ikae wiki mbili tatu izoee hali ya hewa, kisha piga tupa taratibu.

Tano, umeme. Mtafute fundi redio, kaa naye mchana mmoja. Waya wa ethi lazima utoke kwenye daraja uende nyuma ya kitufe cha sauti, la sivyo gitaa litanguruma kama jenereta. Bandika foili ndani ya shimo la nyaya, iunge na ethi, mngurumo utapungua. Na plagi ya amplifaya iwe na ethi ya kweli, kwa sababu vidole vyako vitakuwa juu ya nyuzi za chuma zilizounganishwa na huo mfumo. Watu wamepigwa shoti hivyo.

Sita, urekebishaji. Piga uzi ukiugusa kidogo tu juu ya chuma cha 12, kisha ubonyeze hapo hapo. Kama ukibonyeza sauti inapanda juu zaidi, rudisha kiti cha uzi nyuma kwenye daraja. Ikishuka, kisogeze mbele. Fanya uzi mmoja mmoja. Hiki ndicho kipengele kinachotofautisha gitaa na pambo la ukutani.

Baada ya hapo unakuja kwenye jambo ninalolitaka hasa, yaani gitaa la pili.

Kiwiliwili ni ubao wa unene wa kama milimita 45. Mninga uliokauka vizuri hausinyai ovyo, ndiyo maana maseremala wanaupenda kwa milango na makabati. Mpingo ni mzito kiasi kwamba unazama majini, na dunia nzima inautafuta kwa ajili ya klarineti na obo. Mbao zetu zinaondoka, zinarudi zikiwa vyombo vya muziki kwa bei ambayo hatuiwezi. Watu wa Shinyanga tunaujua wimbo huo. Almasi ya pinki ya Mwadui iliyopatikana mwaka 1947 ilikwenda kuchongwa London na kuishia kwenye bruchi ya Malkia Elizabeth. Pamba yetu inatoka robota, inarudi shati.

Sisemi mkate miti ovyo. Mkoa huu umekwisha kuonja jangwa, na mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 ulitumia miaka mingi kurudisha ngitili na miti yake. Lakini gitaa moja halihitaji mti mzima. Vipande vinavyobaki kwenye karakana ya milango vinatosha, na kipande cha mpingo cha kuwekea vidole ni chembamba.

Na pikapu? Nenda Kahama, nenda Geita, popote penye makarasha na pampu za kutoa maji kwenye maduara. Utakuta mafundi wanaosuka mota zilizoungua, wanahesabu mizunguko ya waya wa shaba bila kukosea. Pikapu ni kazi ile ile kwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko 7,000 hadi 8,000. Utakatika mara nyingi kabla ya kuzoea, lakini maarifa tunayo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kumkutanisha seremala, fundi redio, msuka mota na mpiga gitaa kwenye meza moja.

Hapa ndipo ninapotaka kuwachokoza. Shinyanga tuna VETA, tuna SIDO, tuna makanisa yenye kwaya kubwa. Kwaya moja ikiamua mwaka huu kutonunua gitaa lililokamilika, ikanunua seti, ikawapa vijana wake wanne waiunge wakisimamiwa na fundi, itapata gitaa na itapata mafundi wanne. Mwaka unaofuata iwaagize kiwiliwili cha mninga. Halafu hao vijana kila mmoja ajitengenezee la kwake, alipeleke nyumbani, alale nalo. Kwaya haitapoteza kitu. Itapata wapiga gitaa wanaofanya mazoezi kila siku.

Mtu akiniambia hayo ni ya Wazungu, nitamwonyesha baiskeli yake na kumuuliza nani aliiunga.

Wadau, naomba kutoa hoja. Mwenye seti tayari, au aliyewahi kufungua gitaa akaona kilichomo, atuambie alianzia wapi na alikwama wapi. Na ninyi viongozi wa kwaya, msininunie, nimesema kwa nia njema.