Mtoto Asomapo, Aulizwe

Huku Kasulu na Kibondo watoto wengi hunena Kiha nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, kisha waingiapo Kidato cha Kwanza hukuta masomo kwa Kiingereza. Wako wanyamazao hapo, wakadhaniwa wajinga; kumbe wamepungukiwa maneno, si akili.

Basi twawasihi, akina baba na akina mama: jioni mtoto na asome ukurasa mmoja kwa sauti. Mwulizeni, "Habari hii yasema nini? Wewe waonaje, na kwa sababu gani?" Asikatizwe, ajibu hata kwa Kiha, kisha aandike jibu lake mistari mitatu. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kuuliza hivyo. Azoeaye kutoa sababu mbele ya wazee wake hatachelea kusimama mbele ya mwalimu.