Majuu Ni Jimbo Gani? Uliza Kabla Shamba Halijauzwa

Kuna swali moja ambalo ukimuuliza msee anayejiandaa kuruka Marekani, mara nyingi atakukodolea macho tu: unaenda jimbo gani? Atakujibu, "Si ni Marekani tu, bro." Kana kwamba ukishuka ndege pale New York, Texas iko hapo nje, kama Roysambu na Githurai.

Leo naandikia wewe uliye na huo mpango, ama uliye na binamu ambaye mchango wake unafanywa Jumapili baada ya ibada. Familia nyingi hapa kwetu huuza ng'ombe, huchukua mkopo wa sacco, na wengine huuza hata kipande cha shamba ili mtu mmoja avuke. Halafu hakuna anayeuliza anavuka kwenda wapi hasa. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe ni la bei ghali.

Tuanze na ramani, kwa sababu hata hiyo inatushinda. Marekani ina majimbo 50. Washington DC, mahali Rais anakaa, si jimbo. Jimbo la Washington ni kitu kingine, liko upande wa pili kabisa wa nchi kwenye Bahari ya Pasifiki, jiji lake kubwa ni Seattle, na kutoka huko hadi DC ni kama saa tano za ndege. Kwa hivyo ukisikia mtu anaringa mtaani kwamba mjomba wake yuko Washington karibu na Ikulu, muulize kwanza ni Washington ipi.

Na ukubwa je? Texas peke yake ina takriban kilomita za mraba 695,000. Kenya nzima, kuanzia Moyale hadi Vanga, haifiki 600,000. Alaska ni zaidi ya milioni 1.7, yaani karibu Kenya tatu. Upande mwingine kuna Rhode Island, kama 4,000 hivi ukihesabu na maji yake, ambayo haitoshi hata Machakos. Yote haya yanaitwa jimbo, na kila moja lina maseneta wawili, si zaidi, si pungufu. California ya watu milioni 39 ina wawili. Wyoming ya watu 577,000, kwa hesabu ya watu ya 2020, ina wawili. Usiwacheke sana lakini. Kwa sensa yetu ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu milioni 4.4 na Lamu 144,000, na kila moja huchagua seneta mmoja.

Ila hapo ndipo kufanana na kaunti zetu kunapoishia. Gavana wa Kenya anaweza kukusumbua na leseni ya biashara na ada za kuegesha gari, lakini hawezi kukutungia sheria ya mauaji wala wizi wa mabavu. Jimbo la Marekani linaweza. Lina katiba yake, mahakama yake ya juu, na sheria zake za jinai. Michigan iliondoa hukumu ya kifo kwa mauaji mwaka wa 1846, wakati hapa Nairobi haijazaliwa. Texas, kwa upande wake, inaua wafungwa kwa kudunga sindano hadi leo, na tangu 1976 hakuna jimbo limeua wafungwa wengi kuliko hilo. Texas hiyo hiyo tangu Septemba 2021 inaruhusu watu wazima wengi kubeba bastola bila kibali. Nenda Massachusetts uone kama utajaribu. Na baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Juni 2022 kuhusu utoaji mimba, jambo ambalo daktari wa Illinois analifanya kihalali linaweza kumpeleka daktari wa Texas jela maisha.

Sasa tuje kwa doo, maana najua ndiyo ulikuwa unangoja.

Kwenye video za "maisha ya majuu" utasikia, "Marekani wanalipa dola hivi kwa saa." Marekani gani? Mshahara wa chini wa serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na umekwama hapo tangu Julai 2009. Mtoto aliyezaliwa mwezi huo sasa anafuga ndevu. Texas na Georgia, ambako Wakenya wamejaa, sheria inamlazimisha mwajiri alipe hiyo 7.25 tu. Massachusetts ni dola 15 tangu 2023. Jimbo la Washington lilikuwa 16.66 mwaka wa 2025. Piga hesabu ya saa 40 kwa wiki: huku dola 290, kule dola 666. Kazi ni ile ile ya kupanga mikebe kwenye rafu.

Kuna mbaya zaidi. Ukipata kazi ya weita Texas, bosi anaruhusiwa kukulipa dola 2.13 kwa saa, kiwango kilichowekwa 1991, halafu wewe utegemee bakshishi za wateja. Bakshishi zikikosa kufika, anafaa kukujazia hadi 7.25. Anafaa. California na Washington mchezo huo hauruhusiwi, weita analipwa mshahara kamili wa chini na bakshishi inakuja juu yake.

Mtu wa Texas atanijibu, na ana haki, kwamba kwake waajiri wengi hulipa zaidi ya hiyo 7.25 kwa sababu wanang'ang'ania wafanyakazi, na kodi ya nyumba Seattle itakumaliza. Ni kweli. Pia atakukumbusha kwamba Texas haikati ushuru wa jimbo kwenye mshahara, sawa na Florida, Tennessee na wengine kadhaa, ilhali California inamkata tajiri hadi asilimia 13.3. Lakini hakuna serikali inayoishi kwa hewa. Texas inakurudia kwa ushuru wa nyumba na ardhi, ambao ni miongoni mwa mizito nchini humo, na hata kama unapanga landlord atakupitishia. Oregon haina ushuru wa mauzo kabisa. Kwa hivyo watu wa mji wa Vancouver, ambao uko jimbo la Washington, huvuka daraja kwenda Portland kununua TV, kama watu wa Busia wanavyovuka mpaka kutafuta bei. Ila akivuka kwenda kufanya kazi, Oregon inamkata ushuru wa mshahara hata kama analala ng'ambo.

Hilo la pesa ukikosea utalia na utazoea. Kuna jingine ukikosea hutapata nafasi ya kuzoea, nalo ni bangi.

Colorado na Washington walipiga kura kuihalalisha 2012, na majimbo mengi yamefuata. Utafika Seattle uone duka safi lenye taa kama duka la simu, wazungu wazee wamepiga foleni wakionyesha vitambulisho, na utajiambia hii nchi ni huru. Kwa raia, ndiyo. Kwako wewe mwenye visa ama green card, hapana. Uhamiaji ni kazi ya serikali kuu, na kwa sheria ya serikali kuu bangi bado ni haramu. Unaweza kuwa hujavunja sheria yoyote ya jimbo na bado ukanyimwa uraia kwa kukiri kwenye mahojiano kwamba ulivuta, ama kwamba ulifanya kazi katika duka la kuiuza. Na ukiendesha gari kutoka Washington ukaingia Idaho, majirani kabisa, ile pakiti ndogo mfukoni ni kesi. Hakuna kizuizi mpakani, ni kibao tu cha "Karibu Idaho." Watu wa TikTok hawakwambii hii kwa sababu wengi wao wana pasipoti ya bluu.

Vyeti navyo. Dada zetu wengi huanza kwa kazi ya kutunza wazee, ile ya CNA. Cheti hicho hutolewa na jimbo. Ukihama kutoka Minnesota kwenda Georgia kwa sababu umechoka na theluji, unaomba upya utambuliwe kule. Wauguzi waliosajiliwa wana nafuu kidogo, kwa sababu majimbo mengi yameingia mkataba wa leseni moja inayotumika kwote. Texas imo. California na New York hazimo. Ajenti aliyekuchukulia hela Nairobi alikwambia hayo? Ama alikuonyesha picha ya daraja la San Francisco tu?

Mimi chuo sikumaliza, kwa hivyo sitakuhubiria kuhusu digrii, lakini karo naijua inavyokaba. Vyuo vya umma vya Marekani vina bei mbili: ya mkaaji wa jimbo na ya mtu wa nje, na ya nje mara nyingi ni mara mbili ama tatu. Mwanafunzi wa visa kutoka Kenya kwa kawaida huhesabiwa mtu wa nje hata akikaa hapo miaka minne. Ukiona bei tamu kwenye tovuti ya chuo, angalia ni safu gani unasoma.

Kuna watakaosema mwishowe Marekani ni Marekani, ukiwa popote utaishi vizuri kuliko hapa. Mtoto aliyezaliwa Hawaii mwaka wa 2021 alitarajiwa kuishi karibu miaka 80. Wa Mississippi, 71. Miaka tisa, pasipoti ni ile ile. Na kama unadhani kupotea kwa stima ni ugonjwa wetu peke yetu, soma kuhusu Texas Februari 2021. Jimbo hilo lina mtandao wake wa umeme, karibu umejitenga na wa wenzake, kwa sababu halikutaka serikali kuu iusimamie. Baridi kali ikaingia, mitambo ikaganda, mamilioni wakakaa gizani siku kadhaa bila njia ya maana ya kuvuta umeme kutoka kwa majirani. Serikali ya jimbo yenyewe ilihesabu vifo 246.

Sisemi usiende. Barack Obama mkubwa alitua Hawaii 1959, mwaka ule ule visiwa hivyo vilifanywa jimbo la 50, na sote tunajua kilichofuata. Ninachotaka ni kwamba kabla mzee hajatia sahihi kwa wakili wa mashamba, mtu mmoja kwenye hicho kikao cha familia aulize jina la jimbo, kisha atoe simu asome kuhusu mshahara, ushuru na leseni za hapo.

Na mkijibiwa "Kansas City," msipige makofi bado. Ziko mbili. Ile kubwa iko Missouri, si Kansas, na sehemu fulani zimetenganishwa na barabara tu. Mwaka wa 2025 upande wa Missouri mshahara wa chini ulikuwa dola 13.75 kwa saa. Ukivuka hiyo barabara kwa miguu ukaingia Kansas, 7.25.